Shikamoo ya Naima

Itifaki ikiwa imezingatiwa, umma unataarifiwa kwamba hakuna mtoto mwenye ulemavu atakayeachwa nyuma. Mgeni rasmi alilitamka hilo Makole, kwenye uzinduzi wa kituo cha watoto hao, chini ya turubai, saa tano asubuhi. Alikuwa ametarajiwa saa tatu, lakini hilo ni la kawaida na halikuathiri tamko.

Anjelina alipiga makofi pamoja na wengine. Mwanamke huyu wa Mlali ndiye anayeshinda na watoto kwenye kituo kile kidogo: anawanyoosha miguu, anawafundisha kushika kijiko, kusubiri zamu, hata kugombana kwa utaratibu. Mtaani wanasema ana roho ngumu, na ushahidi upo. Kwake mtoto anayeweza kutambaa habebwi, na asiyemwamkia mkubwa anagombezwa, awe na miguu ya namna gani.

Hilo la pili ndilo lililomkosanisha na Bi Sikudhani, aliyetoka Kondoa na mjukuu wake Naima mgongoni, amefungwa kwa kanga. Naima alikuwa na miaka mitano na miguu iliyokakamaa. Watu walimtazama, wakasema "maskini," wakaendelea na safari. Hakuna aliyewahi kumdai shikamoo.

"Mwalimu, mtoto mwenyewe mgonjwa huyu," Bi Sikudhani alilalamika.

"Na mdomo nao unaumwa, bibi?"

"Wewe hujazaa."

"Nimezaa. Na wote wanaamkia."

Kanga ikafunguliwa. Fundi wa kuchomelea akatengeneza fremu ya mabomba ya kushikilia wakati wa kutembea, na Anjelina akawa anaacha zabibu upande wa pili wa ukumbi kisha anajifanya amezisahau. Naima alianguka, akalia, akamtukana kwa Kirangi cha kwao, akala zabibu.

Siku ya uzinduzi alipangiwa atembee mwenyewe kutoka kwenye mkeka hadi jukwaani, akamwamkie mgeni rasmi. Hakuwa amewahi kumwamkia mtu yeyote nje ya kituo. Tangu alfajiri Bi Sikudhani alikuwa akimkumbusha Mungu.

Mshereheshaji akamtaja. Fremu ikasogea, mguu ukafuata, ukasita kwenye mchanga. Watu wakamtazama kwa heshima. Baadaye wakaanza kuangalia simu zao. Ofisa mmoja akamwinamia Anjelina.

"Dada, mbebe tu. Muda umetubana."

"Anakuja."

"Mgeni ana ratiba nyingine Chemba."

"Nimekusikia. Anakuja."

Bi Sikudhani alikuwa ameshaivua kanga mabegani na kuinuka. Anjelina akaushika upindo wake, akaukalia.

Nyuma ya turubai magari yakawashwa.

Naima alipofika jukwaani, aliyekuwapo ni Mzee Halfani, mwenye viti vya kukodisha, akivipanga huku akinung'unika kwamba kimoja kimevunjwa na watu wazito. Naima akageuka kumtazama Anjelina, ambaye hakumsaidia kwa lolote.

"Shikamoo."

"Marahaba," mzee alijibu bila kuacha kazi. Kisha akamkazia macho. "Na jana ulipita kwangu na bibi yako, kimya kama paka. Nilikuona. Ndiyo adabu gani hiyo?"

Naima akainamisha kichwa, kama mtoto yeyote mwenye kosa.

"Umemsikia?" Bi Sikudhani alimshika Anjelina mkono, akicheka huku machozi yakimtoka. "Kamgombeza! Mtu baki kamgombeza mjukuu wangu!"

Wakati huo msafara wa mgeni rasmi ulikuwa umeshaingia barabara ya Kondoa, kuelekea Chemba.