Kibukusu katika Makopo Matatu

Juzi binti yangu alinionyesha programu ya simu inayomfundisha Kifaransa. Akanieleza kwa maringo: neno ukilijua linapumzishwa siku kadhaa, ukilisahau linakurudia kesho yake. Nikacheka. Programu hiyo mimi nilikuwa nayo Kanduyi, miaka ya themanini, na ilikaa kwenye makopo ya mafuta ya kupikia.

Nilikuwa nimeolewa tu, nimetoka Tuwan kule Kitale, ambako makabila yote yalipanga ukuta kwa ukuta na sote tukazungumza Kiswahili. Mume wangu alikuwa na kazi Lwakhakha, anarudi mwisho wa mwezi. Nikabaki na mama yake, mjane asiyejua Kiswahili, na Kibukusu changu kilikuwa salamu ya "mulembe", basi. Mama huyo alikuwa mpole kupita kiasi. Alinionyesha mambo kwa vidole, akatabasamu, kisha akaenda kwenye ua kupiga soga na jirani mpaka wote wawili wakafuta machozi ya kicheko. Wivu ulinikaba, jamani. Nilitaka anisemeshe hivyo mimi.

Wifi yangu, mwalimu wa shule ya msingi, ndiye aliyenihurumia. "Ati umekuja hapa kunyamaza kama picha ya ukutani? Si nikufundishe, bana!" Akakata katoni ya sabuni vipande vipande, akaandika upande huu Kiswahili, upande ule Kibukusu, akanipa kadi hizo na makopo matatu. Kopo la kwanza nililipitia kila asubuhi nikingoja uji uchemke, la pili siku ya soko, la tatu mume akirudi. Kadi niliyoipata ilisonga kopo la mbele. Niliyoikosa ilirudi la kwanza. "Ukikosa, kalatasi inalala hapa tena," alisema, kwa ile r ya Bungoma inayogeuka l, wala hakuwa na huruma. Neno la kuku lilinitesa! Engokho, engokho, huku nakoroga sufuria. Loo, natamani leo kuinusa tena ile harufu ya sabuni kwenye vidole vyangu.

Kosa letu lilikuwa hili: kadi zote zilikuwa majina ya vitu. Kitenzi hata kimoja hakikuwamo. Mimi sikuliona, nilijiona mjuzi.

Siku moja mama mkwe alikuwa mlangoni akichambua maharagwe. Nilitaka kumwambia naenda kuteka maji. Nikasimama mbele yake wima, ndoo tupu nimemnyooshea, nikatamka kama mwanafunzi bora: "Kamechi!"

Maji! Mkaza mwana anamtuma mama mkwe kisimani!

Akaweka ungo chini, akashika kiuno. Yule mama mpole, wee! Alinifokea Kibukusu kitupu, mfululizo, bila kidole hata kimoja cha kunielekeza. Lakini maneno yalikuwa yananifikia: maji, miguu, mama, Kitale. Alinifokea vile anavyowafokea binti zake. Alipochoka na mimi akaenda kwenye ua kumalizia kwa jirani.

"Omwana wase," alianza. Mtoto wangu. Kisha akamweleza jirani jinsi mtoto wake asivyo na adabu.

Nikaketi jikoni nikilia kwa furaha, nikimsikiliza mama yangu akinisema vibaya.