Mama Bei na Nati ya Gurudumu la Nyuma

Mtaani kwetu kwenye maduka ya spea, Mama Bei hajawahi kukubali bei ya kwanza. Alianza kwa kutandaza chini taa za magari yaliyogongwa, akapanda hadi duka la milango miwili, na njia nzima hakubebwa na mtu. Ukimdhulumu hapigi kelele. Anakutazama tu, kisha anakuweka akiba.

Mwaka jana aliyewekwa akiba ni shemeji yake, mdogo wa mumewe, mwenye gereji ng'ambo ya barabara. Tunamwita Mng'aro, maana gari likitoka kwake hata tairi zinameremeta. Gari la familia lilikuwa likipelekwa kwake, na kila mara Mama Bei alisisitiza: "Mafuta ya breki ubadilishe, shemeji, usiongezee juu juu."

"Yote mapya, shemeji. Fungua boneti ujionee."

Kweli, ukichungulia kikopo cha mafuta ya breki chini ya boneti, mafuta yalikuwa safi kama maji ya kunywa.

Siku ya balaa Mama Bei alikuwa anateremka ule mlima mrefu wa barabara kuu, mama mkwe yuko kiti cha mbele, foleni ya kusogea na kusimama, mguu haubanduki kwenye breki. Karibu na chini pedali ikazama kama amekanyaga mto wa kulalia. Akapampu, akarudisha gia, akavuta breki ya mkono. Kilichowasimamisha ni ukuta. Yeye alitoka na mikwaruzo. Mama mkwe alivunjika nyonga.

Mng'aro alifika gari likiwa limeshapoa. Akaingia, akakanyaga: pedali ngumu, breki zinashika. Jioni, wodini, akautangazia ukoo mzima. "Breki nimezijaribu mwenyewe, nzima kabisa! Mwanamke na mteremko, mlitegemea nini?"

Watu wakacheka, hata mbele ya mgonjwa. Mume wa Mama Bei akatazama viatu vyake. Na mama mkwe, yule yule aliyemtetea alipoolewa akiwa muuza taa chakavu, akageukia ukutani. "Gari la huyu mimi sipandi tena."

Hapo ndipo palipomchoma. Alitaka mama mkwe arudi kwenye kile kiti, na alitaka Mng'aro aumbuke mbele ya hao hao waliocheka.

Gari akalivuta hadi uani nyuma ya duka. Pua akainyoosha kwa spea zake mwenyewe, lakini magurudumu hakuna aliyeyagusa. Mng'aro alikuja kujitolea kulikagua bure.

"Bure?" Mama Bei akacheka. "Neno hilo silijui, shemeji. Usiguse hata wipa."

Akangoja mpaka mama mkwe alipoweza kutembea kwa gongo. Jumamosi moja akawaita wote uani kunywa chai, akapanga viti mstari mmoja, cha mama mkwe katikati. Kisha akamgeukia fundi.

"Shemeji, yaishe. Nibadilishie mafuta ya breki kama ulivyobadilisha mwaka jana. Vilevile, usipunguze kitu."

Mng'aro akaja na bomba la sindano, meno nje. Akanyonya ya kwenye kikopo, akamimina mapya, akafuta kwa kitambaa. "Tayari!"

"Ya juu nimeyaona. Na yaliyoko kule kwenye magurudumu yanatolewa wapi?"

Mtaa wetu wote unajua: mmoja anakanyaga pedali, mwingine anafungua nati ndogo nyuma ya kila gurudumu, hadi machafu yaishe na masafi yatoke. Mng'aro naye anajua. Akapiga jeki, akang'oa gurudumu la nyuma, akaweka spana. Ikateleza. Akaweka tena, jasho likimtoka. Kutu ilikuwa imeivaa ile nati kama ganda.

"Mbona haifunguki, mwanangu?" mama mkwe akauliza.

"Imekaza kidogo tu, Mama."

"Si uliifungua mwaka jana?"

Mng'aro akaikandamiza tena spana. Mama Bei akamwita fundi wa jirani, aliyekuwa amesimama tayari na spana zake. Huyo akailowesha nati, akaigonga taratibu mpaka ikaachia. Yakatoka mafuta meusi kama kahawa. Mama Bei akayakinga kwenye glasi, akaiweka mezani, kando ya kikombe cha mama mkwe.

"Haya ndiyo yaliyotuangusha, Mama. Yamekaa miaka yakinyonya unyevu. Mteremkoni yakachemka, yakajaa mapovu, pedali ikazama. Yalipopoa ikarudi. Ndiyo maana mwanao aliikuta ngumu."

Safari hii hakuna aliyecheka.

"Nisamehe, shemeji," Mng'aro akanong'ona.

"Hiyo ni bei ya kwanza," Mama Bei akasema. "Panda gari."

Fundi wa jirani alipomaliza magurudumu yote manne, mama mkwe akainuka na gongo lake, akafungua mlango wa mbele mwenyewe. Mng'aro akasukumwa nyuma. Wakateremka mlima ule ule, Mama Bei akikanyaga na kuachia, akikanyaga na kuachia. Pedali ngumu kama jiwe. Kwenye kioo alimwona Mng'aro amekumbatia kiti kwa mikono miwili, naye Mama Bei hakuwa na haraka ya kufika.

Walipopita ukuta uliobomoka, mama mkwe akasema, "Simama, mkwe wangu. Mshushe huyu."

"Mama! Nipande mlima wote huu kwa miguu?"

"Si unayo miwili mizima?"