Mjukuu Wangu Alinisomea Kitabu Ambacho Hakikuandikwa

Admin, weka maneno haya, lakini jina langu ulimeze. Mimi ni bibi wa miaka sabini na kidogo, mjane, ninakaa huku karibu na Rodi Kopany, Homa Bay. Darasa sijaingia hata siku moja. Babangu alisema msichana akijua kusoma ataishia kusoma barua za wanaume. Kwa hiyo haya ninayasema kwa mdomo, na mama mmoja wa kanisa letu ndiye anaandika.

Ninaishi na mjukuu wangu, tumwite Akinyi. Ana miaka kumi na minane, yuko kidato cha nne. Nimemlea tangu akiwa wa miaka minne. Kijana wangu, babake, alipokufa, mamake hakumaliza hata miezi mitatu. Alifuata mwanamume wa machimbo ya dhahabu upande wa Migori, akaacha mtoto anaugua surua, macho yamefungana kabisa. Mimi ndiye nilimbeba mgongoni mpaka hospitali. Siku hiyo nilisema mbele ya watu wote wa boma: huyu mwanamke hatakanyaga hapa tena nikiwa hai. Na sikuwa ninacheza.

Mwaka huu Akinyi akaanza kunisomea riwaya yao ya shule. Jioni kabla ya kupika, yeye anasoma, mimi ninabambua njugu. Kiswahili cha kitabu kikinishinda, ananigeuzia kwa Kijaluo. Ni hadithi ya msichana maskini anayelelewa na nyanyake na anataka kuwa daktari. "Dani," Akinyi aliniambia, maana ndivyo sisi tunaita nyanya, "mwalimu anasema kitabu hiki kinahusu matumaini na ndoto." Nikamwambia, "Matumaini ninayajua, nimeyala miaka mingi bila mboga. Wewe soma." Kumbe kitaniingia! Yule msichana akifeli hesabu, mimi chakula hakipiti. Nilimwombea kanisani, mtu wa karatasi, nikasema ni mtoto wa jirani.

Sasa tukafika mahali mama wa yule msichana anarudi. Alikuwa amemwacha akiwa mdogo. Anarudi amebeba furushi, anapiga magoti langoni, na yule nyanya, badala ya kumfukuza, anamletea maji ya kunawa. Nilirusha ungo. "Bibi mjinga huyo! Mwambie amfungulie mbwa!" Akinyi hakucheka. Aliendelea polepole, jinsi msichana alivyolala usingizi usiku ule, jinsi alivyopita mtihani, jinsi nyanya alivyozeeka akiwa na mikono minne ya kumsaidia badala ya miwili. Nililia. Nilimwambia arudie hapo, akarudia mara tatu. Na wiki ileile, mimi mwenyewe, kwa kinywa changu hiki kilichoapa, nikasema, "Tafuta namba ya mamako, umpigie. Mwambie aje."

Alikuja kutoka Sori, anakouza samaki siku hizi, yule mwanamume wa dhahabu alishamwacha. Alikuja na furushi, akapiga magoti langoni. Ni kama kitabuni! Nikasema huyu ni Mungu anafanya kazi. Nikamletea maji.

Wiki mbili baadaye Akinyi ametumwa sokoni, akaja msichana wa jirani anayesoma naye darasa moja, kuomba chumvi. Kitabu kiko hapo kwa meza. Nikamwambia, "Kabla uende, nisomee pale mama anarudi." Akanitazama. "Mama gani, dani?" "Mama wa huyu msichana wa kitabu." "Huyo alikufa, dani. Alikufa mwanzo kabisa, wakati wa kumzaa. Hakuna mama kwa hiki kitabu." Nilimfanya afungue karatasi moja moja. Hakuna furushi. Hakuna magoti. Hakuna maji.

Akinyi aliporudi sikupiga kelele, na mimi ninajulikana kwa kelele. Nilimuuliza tu, "Uliyatoa wapi?" Akaweka kikapu chini. Alisema amekuwa akiongea na mamake kwa simu mwaka mzima, nyuma ya jiko. Ile ya kupiga magoti walipanga pamoja. Nikamwambia, "Mlinichezea kama mtoto, kwa sababu sijui a wala be." Akanijibu, "Dani, ningekuomba ungekubali?" Nikasema hapana. "Mtu wa kitabu ulimlilia. Mimi nikitaja mama, unaniambia nikachote maji. Nilikuwa nasoma ndoto yangu, ni vile tu sikuwa na mahali pengine pa kuiweka."

Neno hilo limekwama hapa kifuani. Ninampenda mtoto huyu kuliko macho yangu, na sijawahi kudanganywa vizuri namna hiyo. Mamake hajui kwamba nimejua. Ananiamkia kwa heshima, ananipakulia kipande kikubwa cha samaki, na mimi ninakimeza kama mwiba. Sasa amekwenda Sori kuchukua godoro na vyombo vyake, anarudi Jumamosi kukaa kabisa. Nikimfukuza, Akinyi atamfuata, na mtihani wa mwisho ni mwaka huu. Nikimwacha aingie, nitakuwa nimekubali kuchezewa ndani ya boma langu mwenyewe.

Najua wengi mtanihubiria msamaha. Sawa, hubirini. Lakini Akinyi ndiye ananisomea dawa zangu za presha, ipi ya asubuhi, ipi ya jioni. Ndiye ananisomea Biblia. Jumapili iliyopita alinisomea mahali Mungu anasema tusamehe, nikamkatiza, nikamuuliza, "Hiyo ni ya Mungu ama ni yako?" Alifunga kitabu akatoka nje akilia, na mimi nikabaki nimekaa, sijui kama nimemwonea.

Wanangu, nishaurini. Jumamosi si mbali. Nifanye nini?