Uwanja wetu hauna fensi: jinsi mbwa wangu Bosi alivyonusurika Nyambureti

Wakuu, salaam kwenu wote. Na nyie mnaosoma kimya kimya bila kukoment, nawaona pia.

Leo nina kisa cha mbwa wangu. Sijatia chumvi hata kidogo. Mtu wa Nyambureti akipita humu atanijua kabla hajafika katikati, na kama nimedanganya atanianika hapa hapa.

Naandika kwa simu huku unga wa maandazi unaumuka, kwa hiyo herufi zikiruka mnivumilie.

Mimi ni mama wa mtoto mmoja, anaitwa Nyangi. Nauza maandazi na chapati pale senta. Mume wangu ni fundi ujenzi, wiki nzima yuko Mugumu na anarudi Jumamosi. Zamani tulikuwa tumepanga huko huko Mugumu, nyumba ina ukuta na geti la bati. Baadaye tukajenga kwao huku kijijini, uwanja mmoja na mama mkwe.

Huku hakuna ukuta wala geti. Uwanja unaanzia mlangoni na unaishia pale utakapochoka kutembea. Upande mmoja kuna barabara ya vumbi, upande wa pili ni kwa jirani yetu Mama Ghati. Katikati, mbele kabisa ya jiko la mama mkwe, kinapita kinjia cha watu wanaoenda kisimani, mashineni na kanisani.

Sasa Bosi.

Bosi nililetewa na shangazi yangu aliyeolewa upande wa Kenya. Alimshusha kwenye kikapu, kadogo, masikio yameanguka, akaniambia, "Huyu ni mbwa poa sana, hana makelele, hakusumbui hata siku moja." Wakuu, shangazi nampenda, lakini alinidanganya mchana kweupe.

Bosi alikua na magonjwa mawili. La kwanza ni kukimbiza pikipiki. La pili ni mayai ya Mama Ghati.

Na Mama Ghati ni mwanamke wa kuku. Kuna watu wanapenda ng'ombe, kuna watu wanapenda mashamba, yeye ukimgusia kuku umemgusia roho. Anajua huyu ametagia wapi na yule ameacha kutaga kwa nini.

Asubuhi moja akaja kwangu ameshika ganda la yai. Salamu hakuna.

"Mama Nyangi, hii ni mara ya mwisho naongea kwa mdomo. Nikimkuta tena kwangu, hutapata nafasi ya kumuuguza. Utamfukia tu."

Akaondoka.

Msidhani alikuwa anatisha tu. Huku mbwa msumbufu anatupiwa kipande cha nyama chenye sumu, na mchana unamkuta amekauka nyuma ya choo. Hakuna anayeulizwa. Na wakati ule Nyangi ndiyo anaanza kuongea, neno lake la kwanza kunyooka lilikuwa "Bochi". Jina hilo alianza kulitamka hata kabla ya kuniita mama! Sasa huyo Bochi nimfukie, halafu mtoto nimwambie nini?

Nikaanza na kamba. Nilimfunga kwenye nguzo ya jiko kwa kamba ya ndama. Akaitafuna. Nikaweka mnyororo. Hapo ndipo nilipojua kwamba mbwa naye anaweza kulia kama mtu aliyedhulumiwa shamba. Alibweka mpaka sauti ikakauka, na kila aliyepita kwenye kinjia alirukiwa mpaka mnyororo unapoishia. Mbwa wangu mpole alikuwa anageuka kitu kingine.

Mama mkwe, ambaye hana kawaida ya kuzungusha maneno, akaniambia, "Mfungue. Hata wewe ulipoolewa hapa hatukukufunga, na mpaka leo upo."

Nilimfungua, lakini kichwani nilikuwa na plan B.

Plan B ilikuwa fensi. Si ya maana, mume wangu alisema seng'enge tusubiri kwanza. Nikachukua panga, nikakata matawi ya miiba, yale yale tunayozibia mlango wa zizi jioni ng'ombe wakiingia. Nikayazungusha uwanja wote. Kutwa nzima nilifanya kazi hiyo, mikono imechanika, na nikafika mpaka kwenye kinjia, nacho nikakiziba. Jioni nikasimama kuangalia kazi yangu. Nilijiona nimejenga ikulu.

Hapa wale mliokulia mjini mnaweza msinielewe, ila watu wa Mara mmeshaanza kucheka.

Miiba ni ya kuzibia zizi, kwa ng'ombe. Ukiiweka kwenye njia ya watu, mchana kweupe, tena bila kumwambia mtu, umewaambia watu kwamba hutaki waje kwako. Nililijua hilo? Nililijua kabisa, nimezaliwa huku huku. Lakini kichwa changu kilikuwa kimejaa mbwa.

Kesho yake mama mmoja mwenye ndoo akafika kwenye miiba, akasimama, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Kuna mgonjwa?" Mwingine akauliza kama tumegombana na ukoo. Mzee mmoja nikamwamkia shikamoo, akaitikia "marahaba" huku anaangalia miiba, akageuza baiskeli. Kabla ya mchana mwenyekiti wa kitongoji akawa kaja kuuliza mgogoro wa mpaka umeanza lini na kwa nini ofisi yake haina taarifa.

Nikamwambia, "Mwenyekiti, ni mbwa tu."

"Mbwa gani ana shamba?" akanijibu.

Lakini kilichoniuma si mwenyekiti. Kilichoniuma ni mama mkwe. Yeye miguu inamsumbua, kwa hiyo siku yake ni kukaa kwenye kigoda mlangoni mwa jiko na kuongea na wanaopita. Huyu anamletea habari za mashineni, yule anamwonjesha njugu, mwingine anakunywa uji wake na kumsengenya mchungaji. Siku ile alikaa pale peke yake, sufuria ya uji imejaa, anaangalia miiba. Nilijisikia vibaya mno.

Na Bosi? Bosi alichimba chini ya miiba akatoka. Nilimwona kwenye ua wa Mama Ghati anatikisa mkia.

Nikaitoa miiba yote siku hiyo hiyo.

Sasa sikilizeni kilichotokea, maana hakikuwa akili ya mtu. Mama mkwe alikuwa na hasira na Bosi kwa kumletea mkosi wa uji. Akaamua kumlinda yeye mwenyewe pale kigodani, na bakuli la dagaa pembeni. Bosi akisogea kuelekea barabarani, anampigia ukelele, "Bosi! Mura! Kwenu!" (mura ni kijana kwa Kikurya). Akisogea kwa Mama Ghati, "Mura! Kwenu!" Akirudi, anarushiwa dagaa mmoja. Mmoja tu, mama mkwe si mtu wa kufuja.

Mwanzoni Bosi alikuwa anamtazama kama redio. Ikabidi jioni nimshike kwa kamba ndefu, tunatembea ukingoni mwa uwanja, bibi yake Nyangi akiita navuta kamba taratibu tunarudi wote kwenye bakuli. Dagaa ana nguvu, wakuu. Siku si nyingi kamba ikawa haina kazi.

Halafu wapita njia wakaanza. Walikuwa wanacheka tu, wanamuiga bibi. Watoto wakitoka shule wakimkuta Bosi barabarani, "Mura! Kwenu!" Mama wa ndoo, "Kwenu!" Mzee wa baiskeli naye, bila hata kushuka. Bosi akisikia neno hilo, hata kama limetoka kwa mlevi, anageuza anakimbilia jikoni. Ile njia niliyotaka kuiziba ndiyo ikawa fensi yangu.

Mama Ghati peke yake ndiye aliyekuwa haiti. Alikuwa anapita ameangalia mbele. Mayai yalikuwa hayajapotea tena, lakini neno lake halijafutwa.

Ikafika siku ya mnada. Mama mkwe alikuwa amepelekwa kliniki kuangalia miguu, kigoda kitupu. Mimi nakanda unga, Nyangi mgongoni. Ikapita bodaboda imebeba mbuzi, na Bosi, ambaye pikipiki tu inamtosha, sasa kaona pikipiki yenye mbuzi juu! Akatoka mbio akaingia katikati ya barabara. Nyuma ya lile vumbi nikaona lori la ng'ombe linakuja, na dereva hawezi kumwona.

Nilifungua mdomo. Wakuu, sauti haikutoka. Nilikuwa na unga mpaka kwenye viwiko, nasikia Nyangi mgongoni anasema "Bochi, Bochi", na mimi nimesimama kama kisiki.

"BOSI! MURA! KWENU!"

Sauti ilitoka kwenye banda la kuku.

Bosi alifunga breki, vumbi likaruka, akageuka akapita pembeni ya tairi na kuja moja kwa moja mpaka kwenye kigoda. Akakaa. Anasubiri dagaa wake.

Nilimpa bakuli zima. Nikalia hapo hapo chini, mbwa anakula, mtoto anacheka.

Mama Ghati akasogea mpaka kwenye kinjia, chano cha pumba mkononi. Akanitazama, akatazama mbwa, akasema, "Usinifikirie vibaya. Ni mazoea tu, kila siku nasikia hilo neno." Halafu akakaa kwenye kigoda cha mama mkwe, akaomba uji.

Nilichojifunza, kwa ambao hamna fensi: mbwa apate chakula sehemu moja tu, nyumbani. Muwe na neno moja, na kila mtu alijue. Kamba iwe ya kumfundishia, si ya kumfungia. Siku ya chanjo ya kichaa cha mbwa usikose, maana mbwa wa uwanja wazi anakutana na kila kitu. Na kabla hujaziba njia, nenda kaongee na wanaoipita.

Siku hizi mimi na Mama Ghati tunakaa bandani kwake mpaka maandazi yangu yanaumuka kupita kiasi, Bosi amelala miguuni na kuku wanampita mgongoni. Mama mkwe akiona tumechelewa anaita kutoka kigodani, "Kwenu!"

Tunanyanyuka wote wawili.

Haya, nyie wenzangu mnaofuga bila ukuta, mbwa wenu mnawaita kwa neno gani? Na aliyewahi kuziba njia ya watu aje tucheke wote, nisibaki peke yangu.