Aliyeulizia Mbuzi

Mimi nina sauti. Nikimwita mjukuu wangu hapa Magomeni ya Mtwara, unageuka mtaa mzima. Siku ile nilikuwa natafuta kuku, nikapaza sauti juu ya ua, kwa Kimakonde: "Jamani, hamjamwona kuku wangu?"

Upande wa pili mtu akacheka, akajibu kwa Kimakonde chenye lafudhi ya Kimakua: "Amekula muhogo wangu, njoo umchukue!"

Nikamsahau kuku.

Maneno hayo sikuwa nimeyasikia tangu usichana wangu, enzi za vita vya Mreno kule Msumbiji. Wasichana tulibeba masanduku ya risasi kichwani, tukavuka Ruvuma kwa mtumbwi. Tukifika ng'ambo tunauliza kwa Kimakonde kwenye matete, "Hamjamwona mbuzi wangu?" Wenzetu waliojificha wakijibu, "Amekula muhogo wangu," tunaingia. Siku moja tukauliza, tukajibiwa sawasawa, dada yangu akatangulia. Bunduki zikalia. Sisi wa nyuma tukakimbilia mtumbwi. Yeye hakurudi.

Ukoo ukasema kauza siri. Jibu lile adui angelijuaje? Wengine wakasema hakufa, kaolewa na askari. Hitima yake haikusomwa, na kaka yetu akakataza jina lake asipewe mtoto yeyote.

Basi nikauzunguka ua. Alikuwa mkwe wa jirani, mzee wa ng'ambo aliyekuja Mtwara kutibiwa macho. Yalikuwa bado yamefungwa bandeji.

"Nani alikufundisha maneno hayo?"

Kicheko kikamkauka. "Mama, nilikuwa askari wa Mreno. Walinichukua kwa nguvu, nikiwa kijana."

"Sikukuuliza nani alikuchukua. Nani aliwauzia jibu?"

"Hakuna. Tulilala kwenye matete siku mbili, tukawasikia nyinyi wenyewe. Kulikuwa na msichana mmoja, Mungu anisamehe, anaulizia mbuzi kama anaamsha kijiji! Na wenzenu wanamjibu kwa sauti hiyohiyo. Siku ya tatu tukajibu sisi. Leo nimesikia mtu anaulizia kuku, nikasema, huyu ndiye."

"Na yule aliyetangulia?"

"Alikufa palepale. Tulimzika sisi."

Nilitaka kumpiga. Lakini mtu aliyefungwa macho unampigaje? Nikamwambia, "Macho yakifunguliwa tu, unakwenda kusema hayo kwa kaka yangu."

"Wataniua, mama."

"Wazee wenyewe kutema mate mpaka wajifute kidevu, watakuua na nini? Utakwenda."

Akaenda. Kaka anaishi kule Mnazi Bay. Wazee wa ukoo walikaa jamvini, yule mzee akasema yote: siku mbili, matete, maziko. Hakujitetea, hilo nampa.

Kaka akauliza, "Huyo msichana wa kelele alikuwa nani?"

Mzee akanitazama kwa macho yake mapya, mekundu. "Miaka mingi imepita, ndugu yangu. Sikumbuki."

Alikuwa ananihurumia, huyo! Mimi nihurumiwe na askari wa Mreno? Tena ningenyamaza, wangesema msichana huyo ni dada mwenyewe, na mzigo angebaki nao yeye huko aliko.

"Anakumbuka," nikasema. "Ilikuwa sauti yangu. Tulikatazwa kupaza, mimi nikapaza. Nilikuwa naogopa, na mimi nikiogopa napiga kelele. Dada hakuuza kitu."

Mzee mmoja wa ukoo akakohoa kikohozi cha uongo. Kaka hakuniangalia kabisa. Mwisho akamwita mkewe, akamwambia apepete mchele.

Hitima ilisomwa siku ileile. Jina la dada likatajwa, na aliyelitaja ni kaka kwa mdomo wake. Mimi hajanisemesha mpaka sasa. Atasema akitaka, simbembelezi, nililolifuata nimelipata.

Yule mzee alikaa pembeni mwa jamvi, hajui kama na yeye atapewa sahani. Wanawake wakanitazama mimi. Nikachukua upawa, nikampakulia mwenyewe. Ukoko mtupu, lakini nilimpakulia.