Kikao cha Kibofu Changu

Nilijua nina ugonjwa mbaya siku wifi yangu aliponiletea kuku. Dada huyu wa mume wangu aliishi Misungwi, na tangu niolewe hakuwahi kunipa hata kiazi. Akija kwetu Mwanza alikuwa anapitisha kidole mezani kutafuta vumbi, kisha anamwuliza kaka yake kama anakula vizuri. Leo kashuka kwenye basi na tetea mnono kwapani, ananiita wifi yangu kipenzi, ananishikashika shavu. Nikamwuliza mume wangu, "Huyu dada yako amepatwa na nini?" Akageuka, akajifanya anatafuta koti lake. Koti alikuwa amelivaa.

Ulikuwa mwaka wa Uhuru, miezi ya mwishomwisho. Mji ulikuwa na wazimu mtamu. Mtu akifungua soda, jirani anapiga kelele "Uhuru!" Mume wangu alikuwa fundi cherehani, na kila mwenye kichwa alitaka nguo mpya ya siku ile, basi alishona mpaka vidole vikaota sugu. Mimi nilikuwa mpishi wa shughuli. Harusi, maulidi, matanga, mtaa mzima uliniita mimi, na hapakuwa na sufuria iliyonitisha.

Na nilikuwa nakojoa damu. Msishtuke, sisi hatukushtuka. Kwetu kando ya ziwa, mtoto aliyekulia kwenye madimbwi na majaruba ya mpunga alikojoa damu, wenzake wakamcheka, wakaona na yeye sasa amekua. Tuliita kichocho, tukaendelea na maisha. Hata nilipokuwa mtu mzima mwenye wajukuu wa dada, damu iliporudi nilisema ni kichocho changu kile kile kimenikumbuka. Dresa wa zahanati akanichoma sindano, ikapungua, ikarudi. Mpaka siku moja nipo kwenye pilau ya harusi, mkojo ukagoma kutoka kabisa. Nilijipinda pale jikoni, jasho linanitiririka, nikabebwa hospitali huku nikiwafokea wenzangu wasiache vitunguu viungue.

Daktari alikuwa Mhindi mwembamba, mpole, aliyejua Kiswahili cha kutosha kugombana nacho. Alinizibua, halafu akanitazama ndani kwa mrija wenye taa. Alipomaliza hakuniambia neno. Alimshika mume wangu mkono, wakatoka barazani. Mume wangu aliporudi akasema, "Ni kichocho, kimekaa vibaya kidogo." Nikaamini, mpaka kuku alipofika.

Siku ya pili yake kaka yangu mkubwa akavuka kutoka Sengerema. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba kwa sauti ya msibani. "Mdogo wangu," akasema, "tuna kikao hapa kwako. Mambo ya shamba la marehemu baba. Hebu tupikie."

Sasa, niwaambie jinsi ukoo wetu ulivyokuwa unakaa. Watu walikuwa wakisema weee mpaka maneno yaishe, wakubwa wakakata shauri, halafu kikaletwa chakula katika sinia moja. Wakishakula na kunawa mikono, neno limefungwa. Atakayelifufua ni kama amewatemea mate wote waliokula. Mahari yangu ilifungwa hivyo, na talaka ya shangazi, na kila pande la ardhi tulilokuwa nalo. Nusu ya mambo hayo yalifungwa kwa wali wangu mimi, maana mpishi wao nilikuwa mimi.

Basi nikamchinjisha yule kuku, nikaweka wali. Kati ya jikoni na chumba cha wageni palikuwa na pazia tu. Nachambua majani ya kunde, namsikia kaka anasema, "Kibofu kitolewe chote." Nikaacha kunde. Shamba gani hilo lina kibofu?

"Kansa haibembelezwi," kaka akaendelea. "Nimepitia hospitali, nimeshamwambia daktari akitoe, mambo yaishe."

"Kisu!" wifi akadakia. "Nani aliwahi kupasuliwa akarudi mzima? Misungwi kuna mzee ana mizizi, ameponya watu. Nitaondoka na wifi kesho."

 Mume wangu nilimsikia akipenga kamasi.

Niliogopa. Sitamdanganya mtu, niliogopa mpaka nikakaa juu ya kuni. Kansa tuliijua kwa jina tu, na kila aliyetajwa pamoja na jina hilo alikuwa ameshazikwa. Nikalia kidogo, kwa kimya, upande wa kanga mdomoni. Halafu kaka akaita, kwa ile sauti ya mtu aliyemaliza kazi ngumu: "Haya, mpishi wetu, lete chakula!"

Ee! Hasira iliyonipanda pale ikanisimamisha wima. Watu hawa wamekaa kwenye mkeka wangu, wamegawana tumbo langu, mmoja analipeleka kwenye kisu, mmoja kwenye mizizi, na mimi ndiye nipakue wali wa kulifungia neno! Nikaingia na mwiko mkononi.

"Chakula kiko wapi?" kaka akauliza.

"Kiko jikoni. Kimeiva, kinanukia, na hakipakuliwi."

"Mdogo wangu, una nini?"

"Si ninyi mnijuao? Niambieni nina nini."

Wifi akaanza kulia kwa sauti, nikamwambia anyamaze, kilio hicho akiweke akiba. Mume wangu akainua uso, macho mekundu. "Tulitaka usihangaike," akasema. "Daktari alisema kuna njia mbili. Akutoe kibofu chote, au akukwangue kwa ule mrija, aone. Mimi nilishindwa kuchagua, mke wangu. Nikamwita kaka yako."

"Na mimi ulinikuta nimesafiri?"

 Kaka alijaribu kunipandishia sauti, akasema mgonjwa hajiamulii, akili yake ina hofu. Nikamwambia ni kweli ina hofu, tena nyingi, lakini yeye asiye na hofu, kibofu anachotaka kitolewe ni cha nani? Wifi akacheka katikati ya kilio, akajiziba mdomo. Ndiyo mara ya kwanza tukaelewana, mimi na yeye.

"Sikilizeni," nikasema. "Kesho nakwenda mwenyewe kwa daktari. Nitamwuliza, nitasikia, nitachagua. Likiwa ni la kisu, nitapasuliwa. Likiwa la mizizi, nitachemsha mizizi. Anayekubali atakula. Asiyekubali, barabara iko wazi."

Walinusa ule wali. Kaka alikuwa ametoka Sengerema tangu alfajiri, tumbo lake tulilisikia wote. Nikapakua, wakala mpaka ukoko, wakanawa mikono. Neno likafungwa, na safari hii lilikuwa langu.

Kesho yake nikakaa mbele ya daktari. Alipoona nimekuja peke yangu akauliza mume yuko wapi. Nikasema anashona nguo za Uhuru. Akakuna kichwa, akasema tayari amezungumza na wazee wangu, nisijisumbue.

"Dakta, nisumbue. Ukikitoa kibofu, mkojo utapita wapi?"

Akasitasita, kisha akaniambia: atauelekeza kwenye utumbo, nitakuwa nikiutoa kwa njia ya haja kubwa. Nilimwuliza kama utanivuja nikiinuka kuswali. Akasema kwa wengine huvuja, kwa wengine la, na figo huweza kusumbuka baadaye. Nikauliza, "Na ukinikwangua?" Akasema nitabaki na kibofu, lakini uvimbe huweza kuota tena, nitarudi kutazamwa kwa mrija kila baada ya miezi, miaka na miaka. Nikamwuliza na ile mizizi ya Misungwi, akasema yeye hajui mizizi, anachojua ni kwamba uvimbe hausubiri mtu. Hilo nililipenda, kwa kuwa hakumtukana mzee wa watu.

"Na mzizi wa ugonjwa umefika wapi?"

"Sijui," akasema. "Mpaka kipande kitolewe, kipelekwe Dar es Salaam, kitazamwe."

"Sasa kaka yangu alikujibuje swali ambalo wewe mwenyewe hulijui?"

Daktari akanitazama. Halafu akaanza kucheka, taratibu, mpaka akavua miwani. Nami nikacheka, bila kujua kama ninacheka au ninatetemeka. Tukapatana hivi: anikwangue kwanza, kipande kiende. Mzizi ukiwa juu juu, nabaki na kibofu na mrija wake. Ukiwa umezama, nitakubali kitoke chote, bila ubishi. Nilisema hilo la mwisho kwa shida. Lakini nilitaka kuishi, si kushinda mabishano tu.

Nikakwanguliwa. Nilipozinduka nilikuwa na mpira wa kukojolea, nimeunganishwa na chupa, na wodi nzima ya akina mama imeshapata habari zangu. Siku muuguzi alipoutoa mpira alisema, "Sasa ukojoe mwenyewe, mama. Ukishindwa tunaurudisha." Yarabi! Niliwekewa beseni, nikakaa. Hakuna. Wodi nzima ikanigeuzia shingo. Bibi wa Kisukuma kitanda cha pili akasema, "Usiufikirie, mayu. Fikiria ziwa." Nikafikiria ziwa. Nikafikiria mvua, mifereji, Mto Mirongo umefurika. Hakuna. Nikaanza kulia, na katikati ya kulia, trrrr! Beseni likalia.

Bibi yule alipiga kigelegele, na mwingine, na mwingine, hata mwenye mshono tumboni alipiga huku amejishika. Mkojo wangu ulishangiliwa kuliko bibi harusi. Wanaume wa wodi ya jirani, bila kujua kuna nini, wakajibu kwa nguvu zote: "Uhuruuu!" Nilicheka mpaka muuguzi akaogopa nitachanika. Sijawahi kuwa na furaha ya namna ile, juu ya beseni, mbele za watu.

Majibu yalikawia. Nilirudi nyumbani, nikapika kidogo kidogo. Siku ya Uhuru tulitoka wote na nguo za mume wangu zikitembea mji mzima, anazitambua moja moja, "ile yangu, ile yangu," na bendera ikapepea, na mimi nikawa naimba huku nikijiuliza kama mwakani nitakuwepo. Nilicheza ngoma kwa hasira, kama mtu anayedai chake. Wifi alikuwa ameshika kiuno changu nyuma, anachezea huko huko, na wala hakuitaja tena mizizi.

Halafu hospitali wakatuita. Tulikwenda watatu, mimi, mume wangu na kaka, aliyekuwa amevuka tena bila kuitwa.   Nilishajiapiza kwamba nitakubali kutolewa kibofu, lakini kila hatua nilikuwa nakifinya pale chini, nakiona bado ni changu.

Daktari akatokea na karatasi mkononi. Kwa mazoea tu, akamshika mume wangu mkono, akaanza kumvuta kuelekea barazani. Kaka akainuka kuwafuata.

Mume wangu hakwenda. Alikuwa mtu mkimya sana, katika ndoa yetu yote sikuwahi kumsikia akimkatalia mkubwa jambo. Akautoa mkono wake kwa adabu, akasema, "Samahani, Dakta. Mwenye kibofu ni huyu. Sisi tumemsindikiza."

Kaka alibaki nusu amesimama, nusu amekaa. Kisha akakaa.

Daktari akarudi. Akavuta kiti, akakiweka mbele yangu, magoti yetu karibu yagusane. "Mama," akasema, "mzizi haujazama. Haukuingia kwenye nyama. Kibofu chako kinabaki. Lakini utarudi nikitazame, na utarudi tena."

"Nitarudi," nikasema. "Na ukiona kitu?"

"Nikiona kitu," akajibu, na macho yake hayakwenda kwa mume wangu wala kwa kaka yangu, "nitakuuliza."