Alama za Bakora ya Babu

Kwetu Mkunazini, mtu akiokota kitu hakitaji. Anapeleka habari msikitini, na baada ya sala kipaza sauti kinatangaza: kimeokotwa kitu, mwenyewe aende kwa fulani akataje alama zake. Kitu gani? Hilo huambiwi, maana ukishaambiwa ni pochi umepewa nusu ya jibu. Watu wazima na akili zao wanaishi na utaratibu huu, na hakuna anayeuona kituko. Hata mimi sikuuona mpaka mwaka aliofariki Babu.

Bakora yake ilipotea siku ya hitma. Nyumba ilijaa watu, wakasoma, wakala pilau, wakaenda zao, na bakora iliyokuwa nyuma ya mlango ikaenda nao. Bibi alikuwa eda. Hatoki nje, wala haonani na mwanamume asiye maharimu yake, mpaka siku zake ziishe. Alikaa ghorofani nyuma ya pazia, na alitaka kitu kimoja tu.

"Nitafutieni bakora yangu," alisema. Yangu, si ya Babu.

Chakula alikionja akakirudisha. Alikonda mpaka pete ikawa inamcheza kidoleni. Tuliogopa, nasema kweli. Tulikuwa tumetoka kuzika mmoja, na yule wa pili tulimwona anajiandaa.

Ndipo kipaza sauti kikatangaza kwamba kimeokotwa kitu, mwenyewe amuone fundi cherehani wa uchochoro wa pili. Nilikuwa ndiyo kwanza nimerudi chuoni Tunguu, sijavua hata viatu. Mjomba akanishika mkono, tukaenda.

Tulikuta mtaa mzima umepanga foleni. Yuko mama aliyepotelewa na sufuria, yuko kijana wa simu, yuko mtembeza wageni aliyepotelewa na mgeni wake.

"Mrefu, mwekundu, kavaa kofia," alieleza.

"Hizo sifa," fundi akamjibu bila ya kuinua macho kwenye cherehani. "Wageni wote wekundu. Nipe alama."

Yule kijana akafikiri sana, kisha akaondoka kwenda kufikiri zaidi. Hakumwuliza fundi kama kweli ameokota mzungu.

Zamu yetu ilipofika Mjomba alisema, "Bakora."

Mguu wa fundi ukasimama kwenye cherehani. "Endelea."

"Ina pete ya fedha shingoni."

"Haina pete," nikamwambia Mjomba. "Ina ufa kwenye mkono."

"Nani kakwambia ina ufa? Mimi ndiye niliyekuwa nikimshikia akivaa viatu!"

"Ni ndefu kiasi," nikamwambia fundi, nikidhani naokoa mambo.

"Hata mimi mrefu kiasi, mwanangu," alinijibu. "Bakora mnayoitafuta ni ya marehemu, naijua hadhi yake. Lakini nikimpa asiye mwenyewe, kesho nitasema nini mbele ya Mola wangu? Sifa kila mwenye macho anazo. Alama anayo aliyeishi na kitu. Nendeni mkakae, mkubaliane."

Tukaenda tukakaa, na hatukukubaliana. Mama alisema ni nyeusi. Jirani aliyekuja kuomba chumvi alisema ni nyeupe, akaapa. Mjomba aliigombania pete yake ya fedha mpaka akaondoka bila ya kula. Nilikasirika na wote, na zaidi na nafsi yangu. Kile kitu kilisimama nyuma ya mlango tangu sijazaliwa, na kumbe sote tulikuwa tukikipita tu.

Asubuhi Mjomba alirudi kwa fundi na unyonge. Akamwambia mwenye kujua ni mmoja tu, naye yuko eda, hatoki.

"Basi nitaileta," fundi alisema. "Lakini asiione kabla ya kutaja."

"Hata akitaka hataiona. Wewe si maharimu yake, atakuwa nyuma ya pazia."

Fundi akaridhika kabisa. Akaja baada ya alasiri, kanzu imepigwa pasi, na bakora ameishonea mfuko. Wallahi, mfuko wa kitambaa cha suruali, kutoka juu mpaka chini, mshono mara mbili. Nikamwamkia shikamoo, akaitika marahaba huku ameikumbatia kifuani, asije mtu akaipapasa.

Mama akapanda juu kuwa mjumbe, akarudi na jibu. "Anasema upande nayo ngazi."

"Alama, bibie. Mimi nimekuja kusikia alama."

"Anasema na yeye anataka kusikia."

Ngazi zetu ni za mbao, zimesimama wima. Fundi akapanda. Sauti ya Bibi ikatoka kwa mbali nyuma ya pazia: "Mwambie sisikii kitu. Kaivisha soksi?"

Fundi akatoa mkasi mfukoni, akakata kitambaa, akaacha ncha peke yake. Akashuka, akapanda tena, safari hii kwa haraka, tako, tako, tako, kama anayedaiwa.

"Mwambie siyo," alisema Bibi.

Nikamwona fundi anafurahi kidogo, kwa kuwa uaminifu wake umethibitika. Akageuka aondoke. "Mwambie arudie," Bibi akasema. Akarudia. "Siyo." Akarudia. Mjomba alimpa maji, akayakataa. Mtu mzima, tumbo mbele, anapanda na kushuka ngazi za watu akiwa na bakora iliyovaa suruali, na sisi tumesimama chini tunamtazama kwa heshima zote. Nilijiuma mdomo nisicheke. Yule jirani wa chumvi, naye kaja kutazama, alishindwa, akatoka nje.

Mara ya mwisho pumzi zilimwisha kwenye kona, pale ngazi zinapogeuka. Akasimama. Akaiegemea bakora kwa uzito wake wote mpaka ubao ukalia, akashusha pumzi, "Ya Rabbi," kisha akagonga mara moja, akavuta mguu, akagonga tena.

Tulingoja Bibi aseme siyo. Mama akaweka mkono mdomoni.

"Umechelewa leo," Bibi alisema, na safari hii hakumwambia mtu amwambie mtu. "Chai yako ishapoa."

Fundi akanitazama mimi, mimi nikamtazama Mjomba. Hakuna aliyetufundisha la kufanya hapo. Yule mzee aliyeukatalia mtaa mzima aliuinamia ukuta, akajibu kwa sauti ndogo, "Naam."

Akaiegemeza bakora pale pale kwenye kona, akashuka ameshika ukuta. Mlangoni akavaa viatu vyake akaenda.

Niliufumua ule mfuko kwa wembe. Nikaitafuta pete ya Mjomba, nikautafuta ufa wangu, nikaisogeza dirishani nione kama ni nyeusi au nyeupe. Ilikuwa mti wa rangi ya mti. Nikapanda nayo kwa Bibi, nikamwambia aitazame vizuri kama kweli ndiyo.

Hakugeuza hata uso. Aliniambia niiweke nyuma ya mlango, pahala pake, na nimwambie Mama aipashe moto ile chai.